Mwaka Wazee wa Kahawa Walipogawanyika

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo, nikakuta mlango wa ofisi bado umefungwa. Ilikuwa Juni, na mtu ambaye hajawahi kuishi Vwawa hajui Juni ni nini. Ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara kuu, na malori yaliyokuwa yakielekea Zambia yalipita yamewasha taa kana kwamba bado ni usiku. Nilikuwa nimevaa sweta yangu ya shule ambayo mama alikuwa ameing'oa nembo, na kwapani nimebana bahasha yenye cheti cha uhazili. Nilijua kupiga chapa bila kuangalia vidole na kuandika hatimkato, yale maandishi ya vijistari na vitone yanayomwezesha mtu kuandika maneno kwa kasi ileile yanayosemwa. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yote.

Mwajiri wangu alikuwa Chama Kikuu cha ushirika. Kwa vijana wanaosoma leo, nieleze kidogo. Kila kijiji au vijiji viwili vitatu vilikuwa na chama cha msingi, ambako mkulima alipeleka mazao yake. Vyama vya msingi vyote vya wilaya viliungana kuunda Chama Kikuu. Sisi tulikusanya kahawa ya huku juu, tukaikoboa kwa mtambo wetu wenyewe na kuipeleka mnadani. Wanachama wa bondeni, kule Ivuna na vijiji vinavyoelekea Ziwa Rukwa, walileta mpunga na ufuta. Wakati huo mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa, na makao makuu ya mkoa yalikuwa mbali, Mbeya. Kwa watu wetu, Chama Kikuu ndicho kilichokuwa kitu kikubwa kilicho karibu.

Siku hiyohiyo Bodi ilikuwa na kikao, na mwandishi wao alikuwa amejifungua wiki iliyotangulia. Nikapewa kiti pembeni ya meza ndefu na kuambiwa niandike. Niliandika kila kitu. Mzee mmoja alimwambia mwenzake kuwa ana akili ya mbuzi, nikaandika. Mwingine alijibu kwamba afadhali mbuzi, nayo nikaandika. Jioni nilipeleka kurasa saba zilizopigwa chapa bila kosa hata moja kwa Meneja Mkuu, nikasimama mbele ya meza yake nikingoja sifa.

Meneja Mkuu alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani mizito, aliyeletwa kwetu kutoka wizarani. Hakupandisha sauti hata mara moja kwa miaka yote niliyofanya naye kazi. Alisoma kurasa zote saba, akachukua kalamu nyekundu, akafuta karibu sita.

"Bi Rahabu," akasema, "umeandika vizuri sana, lakini huu si muhtasari, hii ni redio. Muhtasari ni kitu ambacho watu waliogombana wanaweza kukitia saini wote. Andika hoja, andika walichokubaliana. Hasira waachie wenyewe waende nazo nyumbani."

Nikasema nimeelewa. Nilipofika mlangoni akaniita tena.

"Na neno ambalo halikusemwa usiliandike kamwe. Ukilifanya hilo mara moja, nitakufukuza mimi mwenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza kazi. Nilijifunza kuhesabu akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, na kuihesabu tena baada ya chai, kwa sababu wapo watu waliokuwa wakija kwa ajili ya chai. Nilijifunza kuandaa yatokanayo, orodha ya mambo yaliyoahidiwa kikao kilichopita, na kuiweka mwanzoni kabisa ili asiwepo wa kujifanya amesahau. Nilijifunza kukata stensili bila kuichana, na kunawa wino wa mashine ya kurudufu kwa mafuta ya taa. Nilikula kiapo cha siri pia. Yaliyosemwa kikaoni bila kuingia kwenye muhtasari yalikuwa yamekufa. Madaftari ya hatimkato yalitakiwa kuchomwa moto baada ya muhtasari kuthibitishwa. Hapo nikiri kwamba sikutii. Nilishindwa kuchoma kitu nilichokiandika kwa mkono wangu, nikawa nayaweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Baada ya mwaka mmoja nilihamishiwa Tunduma, kwenye ghala letu la mpakani, kuwa karani. Nilikaa miaka miwili. Tunduma ilinifundisha kuamkia kwa Kibemba na kutomshangaa mtu yeyote. Huko ndiko nilikomfahamu Mzee Simbeye, mwenyekiti wa chama cha msingi cha upande wa mpakani, Mnamwanga mrefu mwenye sauti nzito na mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote. Watu walidhani kila anayekaa karibu na mpaka ni mchuuzi. Mzee Simbeye alikuwa na kahawa kwenye miinuko ya ndani, mahindi na ng'ombe, na alikuwa na fahari ya shamba kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Aliniita binti, na mke wake alinitumia maharage kila mavuno. Nilipoitwa kurudi Vwawa kuwa mwandishi wa Bodi, alinisindikiza hadi kituoni, akaniambia niwaangalie vizuri wale wazee wa huko juu, kwa maana hawajui kusikiliza.

Nilirudi, na katika kikao changu cha tatu likatokea jambo ambalo lingenitesa miaka sita.

Kikao kilihusu ghala la Tunduma. Mzee Simbeye alitaka lipanuliwe, wazee wa milimani wakakataa. Mabishano yalikuwa makali, na mwishowe Mzee Simbeye alichukua kofia yake akatoka. Alikuwa ameshafika mlangoni, mgongo wake umetugeukia na wajumbe wote wanamtazama yeye, wakati sauti kutoka meza kuu iliposema, "Watu wa mpakani hawana mashamba, wana njia za panya." Alisimama kidogo bila kugeuka, kisha akaenda zake.

Meza kuu walikuwa watu watatu. Meneja Mkuu, ambaye kila mtu alijua lafudhi yake ya kipwani. Makamu Mwenyekiti, Mzee Haonga wa Ihanda. Na katikati yao Mwenyekiti wa Bodi mwenyewe, mzee aliyeheshimiwa wilaya nzima, aliyekuwa ameuanzisha ushirika wetu tangu enzi za ukoloni na kuufufua serikali ilipourudisha baada ya kuufuta kwa miaka kadhaa. Haonga na Mwenyekiti walikuwa Wanyiha wa milima ileile, na sauti zao zilifanana. Kabla ya jua kuzama, habari ilikuwa imefika Tunduma kwamba Mzee Haonga amemtukana Mzee Simbeye na watu wake wote.

Haikuwa kweli. Aliyesema ni Mwenyekiti. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, na kalamu yangu ililiandika neno hilo na jina lake kabla sijafikiri. Katika muhtasari sikuliweka, kama nilivyofundishwa. Mzee Haonga alikuwa mtu wa maneno machache, mzee wa kanisa, mwenye koti moja jeusi alilolivaa mvua na kiangazi. Alisikia anavyosemwa na hakusema kitu. Nami sikusema kitu, kwa kuwa nilikuwa na kiapo, na kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Miaka ikapita, biashara huria ikaingia. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao hadi mashambani, na mkulima hakulazimika tena kupitia kwetu. Ndani ya ushirika likazuka kundi lililotaka Chama Kikuu kivunjwe, mtambo na maghala vikodishwe, na kila chama cha msingi kiuze kinakotaka. Kiongozi wao alikuwa mjumbe kijana wa Vwawa, aliyewahi kuwa mwalimu. Sitaki kumsema vibaya. Alijua hesabu, alisema vizuri, na mengi aliyolalamikia kuhusu ucheleweshaji wetu yalikuwa kweli. Yeye na wenzake walijiita Wanamageuzi, na waliokuwa wanataka Chama Kikuu kibaki kimoja wakawaita Wahafidhina. Neno lilikuwa geni kwa wazee. Mzee Haonga aliniuliza maana yake, nikamwambia ni watu wanaohifadhi mambo ya zamani. Akafikiri kidogo, akasema basi hakuna aliyetukanwa.

Uchaguzi wa Bodi ukawadia mwaka huohuo. Mwenyekiti alikuwa amezeeka, mguu mmoja unamsumbua, akatangaza kwamba hagombei tena. Wahafidhina walikuwa wengi, hilo kila mtu alilijua. Lakini walikuwa wengi kwa makundi matatu yasiyopendana. Wazee wa kahawa wa milimani walimtaka Mzee Haonga. Watu wa upande wa Tunduma walimsimamisha Mzee Simbeye, naye akatangaza hadharani kwamba yuko tayari kukiona Chama Kikuu kinavunjika kuliko kukaa chini ya mtu aliyemwita mwizi wa mpakani. Kundi la tatu lilikuwa la bondeni, wengi wao wafugaji na wakulima waliohamia bonde la Momba na mifugo yao, wakiongozwa na Mzee Masanja, Msukuma mpole mwenye fimbo nyembamba. Hao hawakuwahi kupata hata kiti kimoja cha Bodi. Mzee Simbeye alikuwa amewaahidi umakamu, kwa hiyo walikuwa upande wake. Wanamageuzi walikuwa na mgombea mmoja tu, na walikaa kimya wakitungoja tujimalize.

Meneja Mkuu hakuwa na kura, na kwa nafasi yake hakuruhusiwa kuwa na upande. Lakini alizunguka. Alikwenda Ihanda, akashuka Ivuna na kurudi na vumbi hadi kwenye nyusi, akaenda Tunduma mara tatu. Hakumbembeleza mtu. Aliwauliza wote swali moja tu: kitu gani kikifanyika, utaweza kukaa meza moja na wenzako? Mzee Simbeye alimjibu kwamba anataka Haonga akiri, basi.

Wiki mbili kabla ya Mkutano Mkuu, Mzee Simbeye alikuja mwenyewe Vwawa. Aliingia chumbani kwangu bila kubisha, akaketi, akaniomba nimpe muhtasari wa kikao kile cha ghala. Mjumbe alikuwa na haki hiyo. Nikamtolea faili, akasoma kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, hadi mwisho.

"Halimo," akasema.

"Halimo, baba."

"Wewe ulikuwepo, binti. Umekula maharage ya nyumbani kwangu. Ulisikia au hukusikia?"

Nilimwambia nilisikia. Akaniuliza kama Haonga ndiye aliyesema. Hapo nilinyamaza, na ule unyamavu wangu aliusoma alivyotaka. Akaniambia kwamba alinidhania mtu mkweli, akatoka taratibu. Nilirudisha faili mahali pake. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba unaweza kuandika muhtasari usio na neno moja la uongo, na bado ukawa umemwacha mtu abebe mzigo usio wake.

Jioni nilifungua sanduku la bati, nikatafuta daftari mpaka nikalipata. Kesho yake nililipeleka kwa Meneja Mkuu, nikamsomea mstari ule. Sikujua kama atanifukuza kwa kutochoma daftari. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema na yeye alikuwepo na alisikia, na kwamba alinyamaza akidhani jambo litakufa lenyewe, na kwamba lilikuwa kosa lake kabla ya kuwa langu. Nilimuuliza tufanye nini. Akasema neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai, tusimsemee kabla hatujampa nafasi ya kulisema.

Basi nilikwenda kwa Mwenyekiti, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka mjini. Nilimkuta ameketi uani juani akichambua mbegu za mahindi. Mke wake alinikaribisha kikombe cha uji. Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nikafungua daftari na kusoma, kuanzia Mzee Simbeye aliposimama hadi neno lenyewe. Niliposema jina lake nilishindwa kumtazama.

Alichambua mbegu chache zaidi. Kisha akaniuliza kama Haonga anajua kwamba watu wanamsema yeye.

"Anajua, baba. Tangu siku ileile."

"Na hakukanusha?"

"Hakukanusha."

Aliacha kuchambua mbegu. Alisema alikuwa amelisahau kabisa neno lile, kwamba lilimtoka kwa hasira na hakulifikiria tena hata siku moja, na wakati huohuo mwenzake alikuwa akiamka nalo kila asubuhi miaka sita. Akamwita mke wake, akamwambia amtolee viatu. Mama yule akamwambia kuwa kwa mguu ule hafiki hata barabarani. Akajibu kwamba afadhali aanze.

Hakufika Tunduma siku hiyo, tulimzuia. Alikwenda keshokutwa yake kwa gari la ofisi, mimi na Meneja Mkuu tukiwa naye, na njiani akaagiza tupitie Ihanda. Mzee Haonga alikuwa shambani. Mwenyekiti alishuka, akatembea na fimbo katikati ya mistari ya mibuni hadi alipo, nasi tukabaki garini. Sijui walisemezana nini. Niliwaona tu kwa mbali, wazee wawili wamesimama, mmoja ameshika bega la mwenzake, na ilionekana kama Haonga ndiye anayemfariji Mwenyekiti. Waliporudi, Haonga alipanda gari na koti lake jeusi juu ya nguo za shambani, na safari ikaendelea.

Kwa Mzee Simbeye tulipokelewa kwa heshima ya baridi. Viti vikaletwa, maji yakaletwa, na mwenye nyumba akabaki amesimama. Mwenyekiti hakukaa pia. Alisema maneno yake akiwa ameegemea fimbo, na hayo niliyaandika, kwa kuwa aliniomba niyaandike.

"Simbeye, yule aliyekutukana ni mimi. Si Haonga. Nilikutukana wewe na watu wako, na sikuwa na sababu, kwa maana nimeliona shamba lako. Nimekuja kuomba radhi mbele ya huyu aliyebebeshwa."

Mzee Simbeye alinigeukia mimi. Nilifungua daftari la zamani nikamsomea. Nilipomaliza alimwangalia Mzee Haonga, akamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote. Haonga alijibu kwa shida, kama mtu asiyezoea kujieleza. Alisema ushirika uliofufuliwa ulikuwa bado mchanga wakati ule, na watu walikuja kwa sababu ya jina la Mwenyekiti, hawakuja kwa sababu ya jina la Haonga. Akaona jina lake yeye likichafuka hakuna atakayeondoka.

Hapo ndipo Mzee Simbeye alipoketi. Akakaa ameinama, viganja magotini. Baadaye akasema kwamba fomu yake ya kugombea ataiondoa, na kwamba mtu aliyeweza kufanya hivyo ndiye anayefaa kushika Chama Kikuu. Haonga alikataa. Wakabishana, kila mmoja akimtaka mwenzake agombee, na nilipomtazama Meneja Mkuu, nilimwona kwa mara ya kwanza akicheka.

Laiti mambo yangeishia hapo. Tulikuwa tumewasahau watu wa bondeni.

Siku ya Mkutano Mkuu ukumbi wa Vwawa ulijaa. Nilihesabu wajumbe mara mbili, akidi ilikuwa imetimia. Mwenyekiti alirudia toba yake mbele ya wote, safari hii kwa Kinamwanga, polepole, huku watu wa Tunduma wakimsikiliza vichwa chini. Mzee Simbeye akasimama, akatangaza kwamba amejitoa na anamuunga mkono Haonga. Makofi yakapigwa. Makofi hayajaisha, Mzee Masanja akasimama, akavaa kofia yake na kutoka, na wajumbe wote wa bondeni wakamfuata mmojammoja hadi wa mwisho.

Mwalimu wa Wanamageuzi aliinua mkono, akaomba akidi ihesabiwe upya. Alikuwa na haki. Nilihesabu nikijua jibu. Ilikuwa imepungua. Ofisa Ushirika, aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi kwa niaba ya serikali, akasoma kanuni: wajumbe wangengojewa saa moja, na wasiporudi mkutano ungevunjika, kamati ya muda ingeteuliwa, na vyama vya msingi vinavyotaka kujitoa vingeruhusiwa.

Niliwaona wazee wa milimani wakianza kulaumiana. Mmoja alisema watu wa ng'ombe hawajawahi kuwa wa kutegemewa. Mzee Haonga alimgeukia, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba asilirudie neno hilo, kwa maana wote wametoka kuona neno linavyoweza kukaa. Kisha akatoka nje peke yake.

Wajumbe wa bondeni walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa uzio, wakingoja basi la kushuka. Nilibaki mlangoni nikitazama. Haonga hakusimama mbele yao kama mtu anayehutubia. Alikaa ukutani, pembeni ya Masanja. Walizungumza muda mrefu, saa yangu ikinikimbiza. Halafu Mzee Masanja akaninyooshea fimbo.

"Yule mama aje na kitabu," akasema.

Nilikwenda. Mzee Masanja alisema hawana ugomvi na Haonga wala na Simbeye. Ila tangu wahamie Momba wameahidiwa mambo mengi kwa mdomo, na wazee walipopatana wao wawili, ahadi ya Simbeye ikafa na hakuna aliyekumbuka kuwauliza.

"Sisi hatutaki zaidi," akasema. "Tunataka yaandikwe, yasomwe humo ndani, na hawa wawili waweke mikono."

Nikaandika nimesimama, daftari juu ya kiganja. Kwamba Makamu Mwenyekiti atatoka bondeni. Kwamba ufuta na mpunga vitakuwa ajenda ya kila kikao cha Bodi, wala havitasukumwa kwenye mengineyo. Kwamba Mkutano Mkuu wa mwaka unaofuata utafanyika Ivuna. Hilo la mwisho Mzee Haonga aliliongeza mwenyewe, Masanja hakuwa ameliomba. Nilisoma yote kwa sauti. Nikaambiwa nirekebishe neno moja, "wahamiaji", liwe "wanachama". Nikarekebisha.

Walirudi ukumbini zikiwa zimebaki dakika chache. Nilisoma ahadi zile mbele ya wote, Haonga na Simbeye wakatia saini, nikahesabu akidi tena. Kura zikapigwa. Mzee Haonga alishinda kwa kura tisa. Hesabu ilikuwa wazi kwamba bila watu wa bondeni asingeshinda. Yule mwalimu alikuja kumpa mkono, na miaka iliyofuata alikuwa mjumbe mwenye faida kubwa, kwa kuwa hakutuacha tulale.

Mwaka uliofuata tulishuka Ivuna kweli. Wazee wengi wa milimani walikuwa hawajawahi kufika huko. Walivua makoti, wakalalamika joto, wakaonyeshwa mashamba ya mpunga na mahali watu wanapotengeneza chumvi, wakarudi kila mmoja na kifuko cha chumvi kwa ajili ya mkewe. Katika muhtasari niliandika tu kwamba mkutano ulifanyika na akidi ilitimia.

Sitadanganya kwamba Chama Kikuu kilishinda kila kitu. Bei za kahawa zilianguka, wanunuzi binafsi waliongezeka, na baadaye vyama kadhaa vya msingi vilijitoa kwa amani, kwa kufuata utaratibu. Lakini mtambo wetu ulikuwa bado unakoboa nilipostaafu, na Momba walikuwa wametoa makamu wenyeviti watatu mfululizo. Meneja Mkuu alihamishwa muda mrefu kabla yangu. Niliwahi kufanya kazi chini ya mameneja wanne baada yake, mmoja hodari sana wa kompyuta, na wote niliwaheshimu. Yeye peke yake ndiye niliyemwona akiwashika pamoja watu wasiopendana bila kumdanganya hata mmoja wao.

Sasa nakaa nyumbani, nina mibuni michache na wajukuu. Vijana wa vikundi vya kahawa hunijia kuniuliza jinsi ya kuandika katiba na mihtasari. Huwafundisha ninachojua. Wakiniuliza kuhusu siasa za ushirika, huwaambia kwamba sijawahi kuona umoja ambao watu wake walikubaliana kwa kila jambo. Nimeona watu waliokubali kukaa meza moja, na kwa kila mmoja wao kukaa pale kulikuwa na gharama.

Mwaka mmoja baada ya mimi kustaafu, Mzee Haonga alifariki. Tulimzika Ihanda, mvua ikinyesha. Mzee Simbeye alikuwa amekwisha kuwa kipofu, na wanawe walimkataza safari, lakini aliletwa. Ilipoulizwa nani atasema kwa niaba ya Chama Kikuu, alijisimamisha mwenyewe. Kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumsikia akitamka neno la Kinyiha. Siku hiyo alimuaga Haonga kwa Kinyiha, mwanzo hadi mwisho, akikosea hapa na pale, akisimama kutafuta neno, na waombolezaji wote walisimama kwenye mvua wakamngoja alipate.